Kuku wa mama na akili mnemba: nilipofikia

Jamani nimerudi na mradi wangu wa kutumia akili mnemba kuelewa sauti za kuku. Kwa wasiojua, ulianzia uani kwetu hapa Rau, Moshi, tunapukuchua mahindi na mama, akaniuliza hivi hiyo akili mnemba yenu ikiingia kwenye vitu vya humu ndani itakuwaje? Basi usiku mzima nawaza, ndoo inajua maji yatakatika saa ngapi, jiko linasema mkaa umebaki wa chai tu, mbwa anajua huyu mgeni na huyu mwizi. Ndoo na jiko nikaviacha, havina lao la kusema, ni mimi tu ningevisemea. Ila kuku ana maneno yake tayari.

Kuku akiona mwewe analia tofauti na akiona mnyama wa chini kama nguchiro. Watafiti waliwahi kuwachezea kuku sauti hizo peke yake bila adui yeyote kuwepo, ile ya mwewe wakakimbilia maficho, wakajikunyata na kutazama juu, ile ya mnyama wa chini wakasimama wima wanaangaza huku na huku. Yaani sauti pekee inawatosha.

Kwa hiyo nimefunga maikrofoni bandani na bodi ya ESP32, yaani kikompyuta kidogo, memori yake KB 520 tu, na sauti ya sekunde 1 ikipimwa mara 16,000 inakula KB 32, kwahiyo siwezi kurundika, nageuza kila sekunde kuwa kapicha kadogo ka sauti ndo modeli, yaani programu niliyoifundisha kwa sauti za kuku, inakasoma. Taa nyekundu ni mwewe, ya njano ni nguchiro.

Wiki ya kwanza njano iliwaka kila asubuhi, nikatoka na fimbo mara tatu, nguchiro hakuna. Mara ya nne mama akaniita, "We mwanangu, rudi, huyo ametaga." Nikakaa naye kibarazani na simu narekodi, akisikia tu ananiambia huyu anatetea yai, huyu kaona kitu, sikiliza wa yai anavyovuta mwisho, ko-ko-ko-kodaaa, aliyeona kitu hana muda wa kuvuta. Mimi nilikuwa nimeweka zote kapu moja! Nimezipanga upya zote kwa masikio ya mama, na sekunde 1 nimeongeza ziwe 2 ili ule mvuto uingie wote.

Nikimuwaza kuku mwenye akili mnemba sasa hivi simuwazi tena akiongea Kiswahili, namuwaza anaongea hivyohivyo, sisi ndo tunamwelewa.

Jana saa nane mchana nyekundu ikawaka, nikatoka mbio. Mwewe yuko juu ya mparachichi, vifaranga wote wameshaingia chini ya migomba, mama yao kasimama mbele yao manyoya yamemvimba. Kesho nahamisha maikrofoni mbali na bati, mvua ikinyesha haisikii kitu.