Bunduki iliyogandishwa na gundi, na nta ambayo haikupakwa

Kitako cha bunduki hii nilikichonga mimi, mwaka 2014, kwa mninga uliokauka bandani kwetu miaka minne. Kwa hiyo mzee aliponipigia Septemba kuniambia bunduki yake imegandishwa na gundi na haifunguki, nilichowaza kwanza ni ile mbao. Nilimwomba kitu kimoja: mtu yeyote asiiguse kwa bisibisi mpaka nifike.

Mimi ni seremala hapa Tabora. Silaha hailali kwangu na haifunguliwi kwangu. Kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kazi hiyo ni ya mwenye leseni. Tukakutana kwa fundi bunduki aliye nayo. Ndiye aliyeitoa kabatini, akachomoa bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, akaingiza kidole kwenye chemba risasi inapokaa, akatuonyesha sote wawili kwamba ni tupu, kisha akafungua darubini. Baada ya hapo ndipo nikaishika mbao.

Bunduki yenyewe ni ya mfumo wa Mauser wa 1898. Mtambo, yaani kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, hukaa ndani ya shimo lililochongwa kwenye kitako, ukafungwa kwa skrubu mbili kutoka chini. Baada ya miaka kadhaa skrubu zilikuwa zimelegea, chuma kikawa kinacheza, risasi zikaanza kutawanyika. Mzee akampelekea fundi mmoja wa mbali. Fundi huyo akamimina gundi ya epoksi shimoni, akarudisha mtambo, akafunga. Kumimina epoksi si kosa, ni njia nzuri ya kuupa mtambo kitanda kinacholingana nao. Ila chuma lazima kipakwe kitu cha kuzuia gundi isishike, na yeye hakupaka chochote. Katika mkoa huu, ambapo nta ya nyuki inapatikana kila mahali wanaporina asali!

Wako wanaogundisha kwa makusudi. Huko Marekani kuna washindani wa kulenga shabaha mezani ambao hawataki mtambo usogee hata unywele, na bunduki zao haziloani. Bunduki ya porini ni kitu kingine. Mvua za Novemba zikianza, maji hupita pembeni ya mtutu yakakaa chini ya chuma, na kama huwezi kuinua mtambo ukafuta, kutu inakula usipopaona. Mzee alikuwa na haki ya kuhangaika.

Kabla ya kufungua chochote tulikaa na tochi zaidi ya nusu saa tukitafuta gundi ilikoingia. Gundi iliyotandazwa kati ya chuma na mbao huachia. Gundi iliyoingia tunduni ikakauka humo ni kigingi, na kigingi hakiachii kwa kugongwa, kinang'oa mbao. Skrubu zote mbili zilikuwa zimeshikwa. Fundi aliweka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kila kichwa kwa dakika kadhaa, zikazunguka. Boksi la risasi likatoka kwa chini. Triga haikuweza kutangulia kutoka, kwa sababu pini yake imefunikwa na mbao, na pembeni yake palikuwa na tone la gundi kubwa kama punje ya hindi. Nililichonga kidogo kidogo kwa patasi ya milimita 3 mpaka nikaona mwanga pande zote.

Kisha nikaja kwenye mkia wa mtambo. Hapo ndipo vitako vingi hupasukia. Chuma kinakwisha kwa ulimi mwembamba, na mbao za kushoto na kulia zimebaki nyembamba, nyuzi zake zikielekea nyuma mkononi. Gundi ilikuwa imefurika ikafanya ukingo wa kijivu kuuzunguka ulimi. Ukiinua mtambo na ukingo ule upo, unaondoka na ngozi ya mbao. Niliukata wote kwa wembe, nikifuata mstari wa chuma, pumzi nimeishikilia. Mzee alikuwa amesimama begani kwangu. Akasema, "Fundi, hiyo mbao na mimi tumezeeka pamoja." Nikamjibu, "Najua, mzee wangu. Ndiyo maana sina haraka."

Tulianza na baridi, kwa sababu baridi haiunguzi mbao. Fundi ana friza la kulala ambalo mkewe anagandishia barafu za kuuza. Tuliifunga bunduki kwa nailoni mbili, tukakamua hewa ili unyevu usiguse mninga, tukailaza kwa pembe usiku kucha, chumba kimefungwa na ufunguo anao fundi mwenyewe. Hesabu yake ni hii: mchana wa Septemba hapa ni karibu nyuzi 30, friza ni kama 18 chini ya sifuri. Chuma chenye urefu wa sentimita 22 kikishuka nyuzi 48 hupungua kama sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Mbao kwa urefu wa nyuzi zake hupungua chini ya nusu ya hapo, na epoksi ikipoa sana inakuwa kavu kama kioo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoivunja.

Asubuhi tulikigeuza kitako juu chini kwenye jiliwa lenye vitambaa, mtutu ukitazama godoro. Usigonge chuma chenyewe, na usikaze ncha ya bisibisi kati ya chuma na mbao. Fundi alikuwa na skrubu mbili za zamani, vichwa amevikata, akazifunga mpaka mwisho kwenye matundu ya mtambo. Nyuzi za skrubu za Mauser hazilingani na bolti za dukani. Usilazimishe bolti yoyote. Akagonga kwa kipande cha shaba, mbele mara moja, nyuma mara moja, taratibu. Kwenye pigo la sita au la saba ikasikika tak, kavu. Mbele ilikuwa imeachia. Nyuma, kimya. Nikamwambia aache hapo hapo, maana mbele ikiendelea kupanda peke yake mtambo unainama, na ule mkia unafanya kazi ya mtaimbo ndani ya mbao.

Tukaiacha ipate joto la kawaida tena, tukafuta jasho la chuma, tukapaka mafuta. Kisha moto. Si moto wa kuwasha juu ya bunduki, hilo hapana: chuma cha mtambo kimepikwa kiwandani kwa ugumu wake, ukikiunguza umeharibu kitu kinachozuia mlipuko mbele ya uso wa mtu. Tulitumia vyuma viwili vya duara, laini, vya milimita 16, vikipokezana kwenye jiko la mkaa. Kabla ya kukiingiza kwenye njia ya bolti unadondoshea tone la maji. Likifoka na kukauka papo hapo, kinafaa. Likicheza na kukimbia juu yake, kina moto mno, subiri. Tuliishia nyuma, mbali na mahali bolti inapojifungia.

Nikabandika vijipande vya nta ya nyuki juu ya mkia wa chuma. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na epoksi nyingi zinazokaukia kwenye joto la kawaida huanza kulegea karibu na hapo. Chuma cha kwanza, nta imekaa. Cha tatu, imeanza kung'aa. Cha tano ikalala, ikawa maji, harufu ya mzinga ikajaa chumba. Tukaongeza vyuma viwili, fundi akagonga nyuma kidogo sana, na mtambo ukashuka wenyewe juu ya godoro, mnyoofu, kama embe lililoiva.

Mbao ilibaki nzima isipokuwa ubanzi mmoja, mdogo kama ukucha wa mtoto, ulioondoka na ule ulimi. Niliubandua kwa wembe wa moto nikaurudisha palepale, na mishipa yake myekundu imefuatana.

Chini ya chuma kutu ilikuwa imeanza, karibu na jino linalopokea kishindo, palipobaki mapovu ya hewa ndani ya gundi. Ilikuwa bado juu juu. Fundi aliisafisha. Mimi nikaondoa gundi ya zamani, nikaacha nafasi ya kama nusu milimita nyuma ya mkia ili kishindo kisiupige mninga, na tukaweka epoksi mpya. Safari hii kila tundu lilizibwa kwa udongo wa kuchezea wa watoto, na chuma chote kilipakwa nta mara mbili, nyembamba, kikasuguliwa kwa kitambaa.

Kesho yake fundi alifungua skrubu mbele ya mzee na kumpa kitako. Mzee akaushika mtutu, akavuta kwa vidole viwili, mtambo ukatoka. Akaurudisha. Akautoa tena. Alifanya hivyo mara nne. Jumamosi alipita kwangu na bonge la nta, limefungwa kwenye gazeti, akaniambia nimpelekee yule fundi wa mbali nusu yake.