Chenji ya mia tano

Neema tumempeleka bweni Jumamosi, ada imelipwa nusu, mvua nayo imefika Pasua. Ila mawazo yangu yote bado yako sokoni Mbuyuni, mezani kwa Mama Glory.

Mnamjua, ndiye aliyenikopesha unga kipindi kile mshahara ulipochelewa. Nikipita asubuhi lazima aulize hali ya mama kule Usangi. Jioni ile wateja walikuwa wamemzonga, huyu mchele kilo tatu na nusu, yule maharage robo, naye anajumlisha kichwani, midomo inacheza. Muuza nyanya wa pembeni akanitania: "Mpare huyo, mhesabie vizuri!" Nikacheka, utani huo nimeuzoea.

"Mama Glory, imebaki mia tano yangu."

Hakuinua hata macho. "Nyie Wapare bwana, mia tano mtakufa nayo."

Angekuwa na hasira ningeelewa. Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kinachoniuma kila nikiosha vyombo: asubuhi alikuwa anaongea na Mama Neema, jioni anaongea na kabila.

Juzi darasani tukasoma utafiti wa Wamarekani, Daniel Gilbert na Gregory Hixon, wa mwaka 1991. Wanafunzi walionyeshwa mwanamke mwenye asili ya Asia, wengine wakiwa wameshikilia kichwani namba ya tarakimu 8. Hao wa namba, yale yanayosemwa kuhusu Waasia hata hayakuwajia. Lakini yakishamjia mtu, halafu ndipo akili yake ishikwe na kazi nyingine, anamhukumu mwenzake kwa hayo kuliko aliyetulia.

Nikaweka kalamu chini. Naamini Mama Glory, akiachwa na hesabu zake, asingefika kwenye Upare wangu. Ulishaamshwa na wa nyanya. Yeye aliokota kilichokuwa karibu. Nikamwonea huruma kweli, mama wa watu amesimama tangu alfajiri. Kuniona mimi kulihitaji nguvu, na nguvu yote ilikuwa kwenye maharage ya watu. Sasa ninayemfikiria ni nesi wa zamu ya usiku, foleni imefika nje, halafu mtu anapita anamnong'oneza kuhusu "watu wa kule". Mgonjwa anayefuata atapokelewaje?

Mama amepiga simu sasa hivi. Ng'ombe amekataa majani tangu jana, na daktari wa mifugo hapokei.