Dishi dogo lilivyoirudisha ligi yetu nyumbani

Kwa miaka mingi, Mtanzania wa kipato cha kawaida aliyetaka kuutazama mpira alikwenda kwenye kibanda umiza, akalipa kiingilio na kubanana na wenzake kwenye mabenchi ya mbao, na mara nyingi alichokikuta kwenye skrini kilikuwa Arsenal au Manchester United, si Kagera Sugar. Vibanda hivyo ninavipenda na hadi leo hufurika siku za mechi kubwa, lakini havikuwa mahali ambapo mama yangu angekaa hadi saa nne usiku. Yanga yake aliishabikia kwa masikio tu, kupitia redio.

Hali hiyo ilianza kubadilika Azam TV ilipoingia hewani mwishoni mwa 2013. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Fedha hizo zimezungumzwa sana, na ni haki yake. Hata hivyo, kwangu lililo kubwa zaidi ni kwamba kamera zimefika Kaitaba mjini Bukoba, Sokoine jijini Mbeya na Majaliwa kule Ruangwa, viwanja ambavyo wengi wetu wa Dar es Salaam tulikuwa tukivisikia kwa majina tu. Leo mama anaweza kukwambia ni beki gani wa Namungo asiyeuamini mguu wake wa kushoto.

Dishi lenyewe la Azam, ambalo upana wake haufiki mita moja, limefungwa ukutani likielekea magharibi, kwa kuwa setilaiti yake iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika. La DStv kwa jirani limelala likitazama karibu juu kabisa, kwa sababu setilaiti yake, iliyo nyuzi 36, haiko mbali na utosi wetu. Siku ya kulifunga, fundi alilisogeza kidogo kidogo juu ya ngazi huku mdogo wangu akimsomea kwa sauti kiwango cha mawimbi kutoka sebuleni, na kila kilipopanda fundi alikaza nati nusu mzunguko, akasubiri, kisha akaendelea.

Mvua kubwa ndiyo adui. Mawimbi yanayopokelewa na madishi haya madogo yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo matone mazito huyafyonza na kuyatawanya. Picha huvunjika vipande vipande, kisha hupotea kabisa. Masika yakikolea, mama hurudi kwenye TBC Taifa bila kulalamika.

Redio hiyohiyo hulitangulia dishi hata jua likiwaka. Safari ya kwenda kwenye setilaiti na kurudi, takriban kilomita 36,000 kila upande, huchukua robo sekunde tu, lakini kuibana picha studioni na kuifungua ndani ya king'amuzi huongeza sekunde kadhaa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger uwanja wa Mkapa katika fainali ya Kombe la Shirikisho: bao la kusawazisha la Fiston Mayele tulilipata kwanza kwa kelele za jirani aliyekuwa na redio, nasi tukabaki tumeukodolea macho mpira ambao kwetu ulikuwa bado haujaingia. Dakika chache baadaye wageni wakafunga la pili. Wiki iliyofuata Yanga ilishinda 1-0 kule Algiers na bado ikalikosa kombe. Shangazi, aliyekuja kutazama nasi, hakuelewa inawezekanaje matokeo ya jumla kuwa 2-2 na mshindi akapatikana bila penalti, na aliyemweleza kanuni ya bao la ugenini, kwamba jumla zikilingana hushinda aliyefunga mengi zaidi ugenini, hatua kwa hatua, alikuwa mama.