Kipimajoto Mlangoni pa Banda

Farasi wangu jike, Nuru, hakwenda Waco. Ninalitanguliza hilo kwa sababu ndugu na marafiki walionipigia simu tangu habari za ugonjwa zienee wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: ikiwa farasi wako hashindani na hasafiri, hofu yako ni ya nini?

Mwanzoni mwa Novemba 2025 yalifanyika mjini Waco, hapa Texas, mashindano ya mbio za kuzunguka mapipa, na farasi wakaja kutoka majimbo mbalimbali, wakalala katika mabanda ya pamoja, kisha wakapakiwa kwenye matrela na kurudishwa makwao. Siku chache baadaye baadhi yao walishikwa na homa, wengine wakaanza kuburuta miguu ya nyuma, na wako walioanguka wasiweze kusimama tena. Vipimo vilionyesha virusi vya hepesi ya farasi aina ya kwanza, ambavyo madaktari wa mifugo huviita EHV-1, katika sura yao mbaya kuliko zote, ile inayoathiri mishipa ya fahamu. Kabla Novemba haijaisha wagonjwa walikwisha kuthibitishwa katika majimbo kadhaa, na waandaaji wa mashindano mengine wakafuta ratiba zao.

Banda ninalomweka Nuru ni la kupanga, lina vyumba kumi na vinne, na farasi mmoja kati ya wale kumi na wanne alikuwa Waco. Mwenye farasi huyo alirudi usiku, akamrudisha chumbani mwake, na kwa siku kumi hakutuambia neno. Tulijua siku daktari alipokuja na kufungua sanduku lake mbele ya chumba kile, akamwingiza farasi kijiti kirefu puani na kumtoa damu shingoni, naye mwenye farasi amesimama pembeni akitazama sakafu. Baadaye alikiri kwamba homa ilianza siku tano kabla, ikafika nyuzi 39.4, na kwamba alimpa dawa ya kuishusha akitumaini ni uchovu wa safari. Majibu yalipotoka, virusi vilikuwepo.

Simchukii, ila siwezi kusema kwamba halikuniuma. Siku zile tano Nuru alinywa maji kwenye birika moja na farasi yule, na mtumishi mmoja aliwahudumia wote kwa ndoo zile zile na hatamu zile zile. Virusi hivi huruka na matone ya pua farasi wanapokohoa au kupumuliana, lakini pia hubebwa na mikono yetu, nguo, viatu, ndoo, brashi na lijamu. Binadamu haviwadhuru, na ndiyo maana tunavisafirisha bila kujijua. Njia za kuviua si ngumu hata kidogo: unasugua kwa maji na sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha unapaka dawa ya kuua vijidudu. Siku tano za ukweli zingetosha kutenganisha ndoo.

Jioni ile nilimpigia ami yangu Lamu, ambaye amefuga punda umri wake wote na kuwabebesha mawe ya ujenzi kwenye vichochoro visivyopita gari. Nilimweleza kwa urefu habari za virusi, vipimo na karantini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maji yake ushayatenga?" Nikamwambia, "Bado, ami." Akasema, "Basi yatenge kwanza, hayo mengine utanieleza kesho." Nilikwenda usiku ule ule nikanunua ndoo nyekundu, nikaiandika jina la Nuru kwa rangi nyeupe pande zote mbili.

Tangu siku hiyo ninampima joto mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Joto la kawaida la farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3, na daktari wetu alituagiza tumwite mara tu linapofika 38.6, bila kungoja kikohozi wala kamasi, kwa kuwa mara nyingi homa ndiyo dalili ya kwanza na huja na kuondoka upesi. Asiyepima haioni. Nilifunga kijitabu kwa uzi kwenye mlango wa chumba chake, nikaning'iniza kipimajoto kando yake, nikawa ninaandika kila tarakimu. Asubuhi ya tatu kijitabu kilisomeka 38.9.

Nilipima tena. 38.9. Nuru alikuwa amesimama vizuri, masikio mbele, anakula nyasi zake kama kawaida, na kama si kipimajoto ningeapa kwamba hana neno. Daktari alifika saa tatu, akachukua sampuli, na kesho yake akathibitisha kwamba naye ameambukizwa.

Ningependa wenye farasi wenzangu walielewe jambo linalofuata, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Homa ya Nuru ilishuka baada ya siku mbili, nami nikafurahi, nikamtumia ami picha. Daktari akanitahadharisha nisifurahi mapema. Alinieleza kwamba virusi huanzia kwenye utando wa njia ya hewa, halafu huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kusafiri nazo mwilini, na zikifika kwenye mishipa midogo ya damu inayolisha uti wa mgongo zinaweza kuiwasha na kuiziba, hata uti wenyewe ukakosa damu. Ndiyo sababu udhaifu wa miguu mara nyingi hutokea homa ikiwa imekwisha kupoa, siku ambazo mwenye farasi anadhani hatari imepita. Farasi jike wenye mimba nao wanaweza kuitupa bila dalili yoyote ya kuonya, na tunaye mmoja wa namna hiyo chumba cha mwisho, mwenye mimba ya miezi tisa, na mtu anayemmiliki hulala siku hizi ndani ya gari nje ya uzio.

Kwa hiyo mimi sasa huangalia mkia. Kila alfajiri ninaushika na kuuvuta taratibu, na Nuru huubana kwa hasira, na hasira ile ni rehema kwangu, kwa sababu mkia uliolegea ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Huangalia kama anakojoa kwa nguvu au mkojo unamdondoka wenyewe. Humtembeza hatua chache kwenye sakafu ya saruji mbele ya chumba chake na kusikiliza kwato za nyuma, kwa kuwa mguu unaoburutwa husikika kabla haujaonekana.

Wapo wanaouliza kwa nini tusingechanja. Nuru amechanjwa. Chanjo zilizopo humsaidia farasi dhidi ya ugonjwa wa njia ya hewa na dhidi ya kutupa mimba, nazo hupunguza virusi anavyotoa puani, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kuzuia sura hii ya mishipa ya fahamu. Tena farasi wengi huambukizwa wakiwa wadogo, na virusi hubaki vimejificha mwilini maisha yao yote, vikingoja safari ndefu au msongo mwingine. Mwaka 2011 mashindano yaliyofanyika Ogden, Utah, yaliacha wagonjwa 90 waliothibitishwa katika majimbo 10, na 13 kati yao wakafa au kuuawa kwa sindano ili wasiteseke. Mwaka 2021 yalikuwa Valencia, Uhispania, ambako mlipuko uliua farasi 18 barani Ulaya na mashindano ya kimataifa ya bara yakasimamishwa hadi tarehe 11 Aprili. Mara zote tatu ni mkusanyiko, trela na safari ya kurudi nyumbani.

Jirani yangu aliyenyamaza alikuja juzi na kuniambia sababu yake. Alihofu kwamba angesema, tungemfukuza bandani, na hana pengine pa kumweka farasi wake. Nilitafakari usiku kucha, nikaona kwamba kabla ya ugonjwa huu huenda kweli tungemfukuza. Jana nilikitoa kijitabu cha Nuru mlangoni mwake nikakitundika kwenye lango kuu, wazi, ili kila apitaye asome. Kufikia jioni vilikuwa vijitabu tisa, na cha jirani yangu kikiwemo, kimejazwa tangu siku aliyotoka Waco, pamoja na zile siku tano.

Lango letu halifunguliwi mpaka zipite siku 21 tangu homa ya mwisho bandani. Fundi wa kwato haingii, na nyasi hushushwa nje. Leo ni siku ya tisa. Nuru alfajiri alikuwa na 37.7, na alinibana mkia.