Samaki Aliyelala

Tarehe 10 Desemba 2009 kebo ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba ilipata hitilafu, na Unguja nzima ikazimika. Taa hazikurudi mpaka Machi 2010. Kebo yenyewe ilitandazwa mwaka 1980, na watu walikuwa wameshaonjeshwa giza la namna hiyo Mei na Juni 2008, karibu mwezi mzima. Safari hii ikawa miezi mitatu. Pampu za maji nazo zilisimama, kwa hiyo mji ulijaa madumu ya manjano kuliko magari. Wapemba, ambao siku zote sisi wa Unguja tuliwacheka kwa umeme wao wa majenereta, kwa mara ya kwanza walipata zamu ya kutucheka.

Katikati ya giza hilo, mwezi wa Januari, nilimleta shangazi yangu kutoka Dar kwa shauri la mirathi. Nyumba ya ukoo iko Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, ghorofa mbili, ngazi zake zinapanda wima, na maji yalikuwa yakipandishwa kwa ndoo. Shangazi ana presha. Binamu yangu aliyeko Muscat alipopata habari kwamba mama yake mdogo atalala ghorofani bila maji wala feni, alipiga simu na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshalipa: "Mmekatiwa vyumba Africa House. Wana jenereta. Msibishane na mimi."

Shangazi hakubishana. Alinyamaza, ambayo kwake ni jambo la kutia hofu zaidi.

Lazima nieleze kwa nini. Hoteli ile ya Shangani, inayotazama magharibi kwenye bahari, zamani ilikuwa English Club, klabu ya Waingereza. Shangazi alikulia mjini wakati wa Sultan Khalifa bin Harub, na njia yake ya kwenda kwa bibi yake ilipita chini ya veranda ile. Waafrika aliowaona wakiingia walikuwa watumishi waliovaa kanzu nyeupe, na waliingia kwa mlango wa nyuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina lilibadilika, ikawa Africa House, lakini shangazi alihamia Dar miaka michache baadaye kufundisha sayansi kimu, yaani upishi na ushonaji, na hakupata nafasi ya kuujaribu mlango wa mbele.

Basi jioni ile alivaa buibui lake jipya, akapanda hadi kwenye veranda, akachagua meza iliyo kando kabisa ya ukuta. Wazungu walishajaa, kila mmoja na bilauri yake, wamelielekea jua kama wanaosubiri kutangaziwa matokeo ya mtihani. Shangazi aliagiza soda ya tangawizi. Alitazama huku na huku, dari, sakafu, vijana wa kaunta, wale walevi wapole.

"Kumbe ni hapa tu," alisema.

"Ulidhani kukoje?"

"Nilidhani kukubwa."

Kijana wa hoteli alileta orodha ya vyakula. Alikuwa na adabu, akamwamkia shikamoo kabla ya kufungua kijitabu. Shangazi alivaa miwani akasoma ukurasa mzima, bei kwanza, majina baadaye. Kisha akamuuliza: "Kamba hawa, mwanangu, wamelala wapi?"

Kijana alijibu kwa fahari, maana wakati ule lilikuwa jambo la kujivunia: "Kwenye friza, bi mkubwa. Jenereta letu halizimwi."

"Allah akubariki. Mimi samaki aliyelala sitaki."

Nilijaribu kumweleza kwamba friza inayofanya kazi ni jambo jema, na kwamba hali ya mji ilivyo, chakula cha usalama kipo hapa. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi waliotia chumvi kabla ya kuonja. Aliingia chumbani, akasali Magharibi, akatoka na mkoba wake. "Twende Forodhani," alisema. "Tena kwa miguu. Nimekaa kwenye boti mpaka miguu imesahau kazi."

Kutoka Africa House hadi Forodhani si mbali, dakika kumi kwa mtu mzima asiye na haraka. Unateremka kwa njia za Shangani, unatokea karibu na Posta, unashuka hadi barabara ya pwani, unapita Tembo, hoteli nyingine ya kale ambayo katika karne ya 19 ilikuwa na ubalozi mdogo wa Wamarekani, halafu unaingia chini ya lile jengo la watoto yatima ambalo barabara inapita tumboni mwake. Ukitoka upande wa pili, bustani iko kushoto kwako na Ngome Kongwe iko kulia. Mchana mtoto mdogo anafika peke yake. Usiku ule tulikwenda kwa tochi ya simu yangu, shangazi amenishika kiwiko, na kila tulipopishana na mtu tulisalimiana kwa sauti kubwa, kama ada ilivyokuwa siku zile, ili kila mmoja ajue mwenziwe ni binadamu. Kila mlango wa duka ulikuwa na jenereta dogo barazani. Moshi wa petroli ulijaa vichochoroni, na kelele zake zilifanya tuzungumze kwa kupiga makelele kana kwamba tumegombana.

Bustani ya Forodhani ilikuwa imefunguliwa upya Julai 2009, baada ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni kuikarabati pamoja na ukuta wa bahari. Njia zilikuwa mpya, nyasi mpya, nguzo za taa mpya. Zile nguzo zilifanya kazi miezi isiyotimia mitano, zikazimika. Shangazi hakusikitika. Yeye aliijua bustani ile kwa jina la Jubilee Gardens, na tulipofika kwenye kile kibanda cha duara alinionesha alipokuwa akikaa na mama yake kusikiliza bendi. Wauza chakula walikuwa wamerudi kwenye karabai na kandili. Mbele ya kila meza mwanga wa duara, nje ya duara huoni hata mkono wako. Ukisimama mbali ulichoona ni kofia nyeupe za wapishi na mikono inayopepea makaa kwa vipande vya boksi.

Sasa, mtu anayeijua Forodhani anajua lawama yake ya siku zote. Meza imejaa mishikaki ya jodari, nguru, kamba, ngisi, miguu ya pweza iliyopangwa kama ya maonesho, yote imeshaiva nusu, inasubiri kupashwa moto. Ya leo iko pale, na ya jana inaweza kuwa imekaa ubavuni mwake, na rangi ya binzari inawafunika wote wawili kwa haki sawa. Wenyeji wengi, na mimi nikiwemo, tulikuwa na mazoea ya kwenda pale na wageni, kuwalisha wageni, na sisi kula urojo.

Shangazi alipita meza ya kwanza bila kusimama. Ya pili akasimama, akainamisha pua, akaondoka. Muuzaji akamwita, "Bi mkubwa, karibu, kila kitu fresh!" naye akajibu bila kugeuka, "Nimesikia." Kwenye meza ya tatu au ya nne palikuwa na mzee mmoja mwembamba mwenye karabai moja na jiko moja, na meza yake ilikuwa karibu tupu. Pweza mmoja, ngisi wachache, vipande vya jodari vilivyobaki kwenye sahani. Mimi ningempita.

"Mbona huna kitu?" shangazi alimuuliza.

"Ndiyo nilichopata, bibi. Na hiki kikiisha nakwenda zangu nyumbani."

"Pweza wa lini?"

"Wa leo asubuhi."

"Wote husema wa leo."

Mzee alicheka. "Bibi, nimweke wapi mpaka kesho? Friza langu sasa kabati la nguo. Barafu ikipatikana, bei yake inamshinda pweza mwenyewe. Nikinunua wa kilo tano na wateja wakawa wa kilo tatu, hizo mbili nawapa majirani. Nimeshawalisha mtaa mzima wiki iliyopita. Sasa nanunua kidogo."

Shangazi alivua miwani. Aliuinua mguu wa pweza kwa vidole viwili, akauelekeza kwenye mwanga wa karabai, akabonyeza karibu na kichwa, akanusa kidole. Alinivuta nami ninuse. Harufu ilikuwa ya bahari ya maji kupwa, basi. Alitazama vikombe vya mguu ule, kimoja kimoja, kama vimeshikamana na nyama au ngozi inateleza. "Umempiga?"

"Kwenye jiwe, bibi. Mwanangu ndiye aliyempiga."

"Si vya kutosha," alisema, lakini alikuwa ameshakaa kwenye benchi.

Mzee alimkata miguu miwili, akaipaka chumvi na ndimu, akaiweka juu ya makaa. Hakumpikia kwanza kwa maji ya manjano kama wengine. Mafuta yalikuwa machache sana, yalipakwa kwa bua la mchaichai. Mguu ulijikunja ncha, ukabadilika kutoka kijivu hadi zambarau, vikombe vikaanza kukauka pembezoni na kutoa mlio mdogo. Akautoa, akaukatakata upesi vipande vyembamba vya mshazari, akamwagia ukwaju na pilipili iliyopondwa, akatuletea kwenye karatasi. Ulikuwa mgumu kidogo, shangazi alisema kweli kuhusu kupigwa, lakini ladha ile sikuwa nimeipata Forodhani kabla ya hapo, wala sijui kama nimeipata tena. Utamu wa pweza mwenyewe, kabla ukwaju haujaingia kati.

Tulikula na chapati kutoka meza ya jirani na mhogo wa kuchoma. Kijana mwingine alitusongezea glasi za miwa. Lile gurudumu lake la kukamulia linazungushwa kwa mkono, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakukumgusa, ila alilalamika kuwa kinywaji bila barafu watalii hawakitaki. Shangazi alisema miwa na ndimu na tangawizi haina haja ya barafu, barafu ni uvivu. Ng'ambo yetu mpishi wa piza alikuwa akitanua donge la unga mpaka likawa jembamba kama shashi, akalijaza nyama ya kusaga, kitunguu, hoho na yai, akalikunja pande nne akalitupa kwenye chuma. Shangazi alimtazama kwa makini ya kitaaluma. Enzi zake piza hiyo haikuwapo, akaniambia, na donge amelipumzisha vizuri, ila mayonezi aliyotia mle haitakiwi na mtu yeyote mwenye akili.

Katikati ya kula alianza kumhoji mzee. Wavuvi wanashusha wapi siku hizi? Bei ya mnadani? Mzee alieleza kwamba kukosekana kwa barafu kumewabana wavuvi kuliko mtu yeyote, maana waliozoea kulala baharini sasa wanarudi mapema, na wakirudi wote kwa pamoja bei inaanguka asubuhi, na mchana samaki hapatikani kabisa. Anayefaidika ni yule aliyeamka alfajiri. "Mimi nimefaidika," alisema, "na sipendi kusema, maana mke wangu anabeba maji kutoka mbali." Jenereta hana uwezo nalo. Wanawe wanasoma kwa kibatari.

Nilikuwa nimeanza kuona ile hali kama baraka, pweza wa siku hiyo hiyo, makaa, mwanga wa karabai, nikalisema hilo kwa mdomo. Shangazi alinikata pale pale. "Wewe utalala kwenye feni ya jenereta, halafu unalisifu giza. Muulize mkewe."

Sikumuuliza, kwa kuwa hakuwepo. Lakini nilikaa kimya, na kwa haki zote mbili naona mpaka leo kwamba alikuwa sahihi na kwamba pweza alikuwa mtamu.

Hesabu ilipofika nilitoa noti ya elfu kumi. Shangazi aliirudisha mfukoni mwangu na kutoa yake, maana mpwa hamlipii shangazi yake chakula akiwa hai. Mzee hakuwa na chenji. Alikwenda kwa muuza chapati, akarudi mikono mitupu. Akaenda kwa kijana wa miwa, naye hana. Usiku ule Forodhani nzima ilikuwa na noti kubwa na hakuna wa kuzivunja, kwa sababu wateja wenyewe tulikuwa wachache. Mwishowe akafunga mishikaki miwili ya ngisi kwenye gazeti, akasema, "Bibi, chukua hii iwe chenji."

Shangazi aliifungua kwenye mwanga. "Huu mmoja umeungua."

"Umeungua kidogo tu."

"Nibadilishie."

Mzee aliunyanyua ule mwingine wa mwisho uliokuwa bado jikoni, akambadilishia, na ule ulioungua akaula mwenyewe pale pale huku akizima makaa.