Kikombe cha kwenda Mwanza

Wateja wangu wa mikoani huuliza kwa nini natoza hela ya kufungasha vikombe ninavyowatumia kwa basi. Jamani, kikombe cha udongo mara nyingi hakipasuki tumboni, kinakatika mkono. Kwa hiyo naanza na mkono: naujaza gazeti lililosokotwa mpaka pale pa kupitishia vidole pasibaki upenyo. Gazeti jingine linaingia ndani ya kikombe, ndipo nazungushia nailoni ya vipovu mara mbili. Kinaingia kwenye boksi lake, na boksi hilo ndani ya boksi kubwa, vidole vitatu vya nafasi kila upande, nimeshindilia vipande vya maboksi ya Kariakoo. Halafu natikisa. Nikisikia chochote kinacheza, nafungua upya.

Ule mchoro wa glasi wa kuonya kwamba mzigo unavunjika, sina imani nao. Naandika VIOO kwa maka peni nyekundu pande zote, maana pale stendi ya Mbezi mizigo inapakiwa mbiombio, nani asome sentensi? Konda namwomba aweke juu ya magunia. Mteja afungue huku anarekodi video. Kikiwa kimevunjika, natuma kingine bila maswali.