Saa ya leni ya nne

Mi nilikwenda California kumtembelea dada yangu, sikwenda kufanya kazi, lakini wiki ya pili tu tangu nifike nikajikuta nimesimama ukingoni mwa bwawa la skuli ya watu, siku ya mashindano ya kuogelea, nimeshikishwa stopuwochi mkononi, kwasababu kuna mzazi hakutokea na pale kwao kila leni, yani njia ya mwogeleaji mmoja, inataka watu watatu wa saa. Walipouliza nani atasaidia, dada akanyanyua mkono wangu. Wangu, sio wake. "Kaka yangu yupo, hana kazi."

Tukakusanywa pembeni tukapewa somo. Usisikilize honi, tazama taa, maana honi na taa vinatoka pamoja lakini sauti inakuja nyuma ya mwanga na hapo ushamuibia mtoto au ushamzawadia. Mwogeleaji akirudi, sogea ukingoni kabisa uchungulie mkono ukigusa ukuta ndo ubonyeze. Alafu la mwisho ndo lililoniuma, mwenye saa hashangilii mtu, hata awe mwanao. Na kusogea ukingoni maana yake ni kurowa, yani ukiinama tu mtoto anageuka na teke la maji linakupata magotini, na mimi nilikuwa na raba nyeupe nilizonunua juzi yake kwa dola 65 ambazo mpaka leo dada anasema nimeibiwa.

Nikapangiwa leni ya 4 na mama mmoja wa kizungu mwenye kofia kubwa na kijana wa kifilipino. Mashindano ya kwanza ya kupokezana yakapita salama. Likaja la yadi 50, kwenda na kurudi mara moja, maana bwawa ni yadi 25, hata mita 23 hazifiki. Watoto wakapanda kwenye vibao, kimya, mi macho kwenye taa kama nilivyofundishwa. Taa ikawaka, honi ikalia karibu kabisa na sikio langu, nikashtuka nikabonyeza mara mbili. Saa ikaanza ikasimama. Mi sina habari, nnachungulia maji tu. Kuja kuitazama inasoma sifuri nukta kumi na kitu na watoto wanakaribia kule mwisho kugeuka, nikabonyeza tena nikanyamaza kimya kama sikufanya kitu. Mtoto akagusa, tukasomeana. Kijana 27.41. Yule mama 27.48. Mimi 18.02.

Yule mama alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akaniambia Caeleb Dressel, mwogeleaji wa Marekani, ndo mtu aliyewahi kwenda yadi 50 kwa sekunde 17.63, mwaka 2018, na huyu wetu wa leni ya 4 kazidiwa nusu sekunde tu na kitumbo chake kile. Mi jasho linanitoka, nnajiona nishaharibu mashindano ya wenyewe, nitarudishwa kwetu kwa ndege ya usiku. Kumbe hakuna lililoharibika. Saa zikiwa tatu wanachukua ya kati, ya juu na ya chini zinakaa pembeni. Yani walishajua toka mwanzo kwamba katika kila watu watatu mmoja atakuwa mimi.

Hayo ndo ya siku ile. Safari yenyewe sina hamu ya kuisimulia, viza dola 185 na hairudi hata ukinyimwa, boti kutoka kwetu Unguja mpaka Dar, Doha mpaka Los Angeles masaa 16 nimekaa kati ya watu wawili wenye mabega, alafu shemegi akaja kunipokea tukakaa kwenye foleni masaa manne kufika San Diego, njia ambayo anasema ni ya masaa mawili. Mji ni mabarabara. Bahari usidanganyike na lile jua, nilitia miguu nikaitoa, ni maji ya friji.

Ila nilifika wakati wa michezo. Kule kwenye majimbo mengi ya theluji watoto wa skuli wanaogelea wakati wa baridi ndani ya majengo, California mabwawa yapo nje kwahiyo kuogelea, kuchupa na besiboli vyote vinakuja pamoja, kuanzia Februari mpaka Mei. Dada ana watoto watatu na kila mmoja kachukua kimoja, kwahiyo wiki tano zote nilizokaa sikuona Hollywood wala nini, niliona mabenchi. Mabenchi ya bati. Asubuhi yanagandisha, mchana yanaunguza.

Besiboli nitasema kwa ufupi maana sikuielewa. Ya skuli ni raundi 7, sio 9 kama ya kwenye tivii, na kuna mzazi kakaa na kikaunta anabonyeza kila mpira unaporushwa kwasababu mrushaji akifika mipira 110 kwa siku basi, anatoka, wanalinda bega lake. Hilo nililipenda. Mpwa wangu mkubwa alikaa kwenye benchi raundi sita akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, timu nzima inatema, chini kumejaa kama chini ya mkungu wenye popo, ya saba akaingizwa kumkimbilia mwenzake, akatolewa kabla hajafika popote. Kiingilio dola 10. Hotdogi dola 7, na mi hotdogi siili, nikala chipsi za paketi. Kwa hela ile kwetu Forodhani nnakula urojo mpaka naomba maji.

Binti wa dada ndo wa yadi 500, mara 10 kwenda na kurudi, anavaa nguo ya mwili mzima, na kuna mwenzake anazamisha kibao cha namba majini kumwonyesha kafika wapi, kikija chekundu ujue ya mwisho. Watu wengi wakati wa 500 wanakwenda kununua soda. Dada hakai. Anatembea na mtoto ukingoni, huku na huku, midomo inamcheza. Nilimuuliza kwenye gari kwanini kamlazimisha na mwenyewe mtoto anapenda kuchora. Akasema wewe ulikuwepo. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, tulikuwa sote nyumbani asubuhi ile watu wanaletwa, na mama zetu wa kisiwani, bahari kulia bahari kushoto, wangapi walikuwa wanajua hata kuelea. Sikumjibu, tukazungumza bei ya petroli.

Sasa huyu wa mwisho, wa miaka 15, ndo mchupaji. Kuchupa kwa kule kuna makaratasi. Anaandika mapema atachupa nini, kila mchupo una namba, na ukichupa kinyume na ulichoandika unapata sifuri hata uruke kama malaika. Ubao upo mita 1 juu ya maji. Msomaji akasoma moja sifuri tatu B, yani mzunguko mmoja na nusu kwa mbele, umejikunja kiunoni, magoti yamenyooka. Bwawa zima likanyamaza. Akatembea hatua zake, akaruka, akajikunja, akaingia, na maji yakasema chwi, kama umetumbukiza shilingi. Waamuzi watatu wakanyanyua 5, 5 na nusu, 5. Jumla 15.5, unazidisha na ugumu wake 1.7, unapata 26.35. Mimi nimeshasimama napiga kelele, yeye anatoka majini kanuna. Vidole vya miguu, anasema, havikunyooka.

Usiku nikamsimulia makachu. Namna vijana wanavyokimbia kutoka mbali baada ya alasiri, wanaruka ukutani Forodhani mmoja baada ya mwengine, mikono imetanuka, na ukiingia bila kurusha maji hakuna anayekutazama, watu wanataka mshindo. Akaniuliza nani anapima kina. Nikamwambia unatazama ngazi, maji yamemeza vidato vingapi. Akauliza na ukikosea kuhesabu? Nikamwonyesha kovu la kidevuni.

Nimerudi Juni. Juzi jioni nikaenda pale na simu, nikarekodi, nikamtumia, kule ndo asubuhi. Kajibu kabla sijamaliza kahawa: yule wa bukta nyekundu 5 na nusu, yule mdogo 2, miguu imeachana. Yule mdogo mwenyewe kasimama mbele yangu anachuruzika maji, anauliza kasemaje huyo wa Marekani.

Nikamwambia kasema we hodari. Akaenda akachupa tena, miguu ile ile.